Kinasi Mbili na Matundu ya Kiini: Jinsi Protini Zinavyoongoza Mgawanyiko wa Viini katika Kuvu za Nyuzi

Spora ya Aspergillus nidulans huanza na kiini kimoja. Ikipata chakula na joto la sentigredi 37 hufura, hutoa uzi, na kiini kile huwa viwili, viwili huwa vinne, vinne huwa vinane. Muda wote huo hakuna ukuta unaojengwa katikati. Kiambaza cha kwanza huja baada ya duru ya tatu hivi ya mgawanyiko, na hata uzi ukishakomaa, seli ya nchani hubeba viini kwa makumi vikiishi ndani ya saitoplazimu moja. Nyuma ya kila kiambaza hubaki seli yenye viini vitatu au vinne vilivyotulia.

Mpangilio huu ndio unaoifanya kuvu ya nyuzi iwe mtihani mgumu kuliko hamira ya mkate. Katika hamira kila seli ina kiini chake, kwa hiyo mtu akisema "protini fulani imeongezeka, seli ikagawanyika", maelezo yametosha. Katika uzi wenye viini arobaini, protini inayotengenezwa kwenye saitoplazimu inaweza kuelea hadi kwa kila kiini. Basi kwa nini kiini kimoja kigawanyike na jirani yake asigawanyike? Na kwa nini katika baadhi ya kuvu vyote hugawanyika karibu kwa pamoja? Kuhesabu protini tu hakutoi jibu. Ni lazima kuuliza iko wapi, na mlango gani umefunguliwa kwa ajili yake.

Majina kwanza, kwa kuwa yanachanganya. Mwaka 1975 Ron Morris alieleza mutanti 45 za A. nidulans, yaani kuvu zenye jeni iliyobadilika, zilizoharibika namna ya kugawa au kusambaza viini. Zote zilikuwa za kutegemea joto: kwenye sentigredi 32 protini husika hujikunja sawasawa na kuvu hukua, lakini kwenye 42 protini hiyohiyo, mara nyingi yenye asidi amino moja tu iliyobadilika, hulegea na kupoteza kazi. Morris alizipanga kwa kuangalia kromosomu na spindeli, yaani lile fungu la mikrotubuli, mirija myembamba ya protini, linalovuta kromosomu pande mbili. Mutanti 26 zilipopelekwa kwenye 42 hazikuonyesha kromosomu zilizobana wala spindeli. Hazikuingia kabisa katika mitosisi, yaani mgawanyiko wenyewe wa kiini, akaziita nim. Nyingine 9 ziliingia zikakwama humo, kromosomu zimebana na spindeli imesimama. Hizo ni bim. Zilizobaki ni sep, zenye kasoro ya viambaza, na nud, ambazo viini vyake hugawanyika lakini havisambai. Jeni huandikwa kwa herufi ndogo na herufi kubwa moja ya mwisho, kama nimA. Protini yake huandikwa kwa herufi kubwa zote, NIMA.

Kati ya jeni zilizopewa jina la nim, nne ziligeuka kuwa nguzo za mfumo mzima. NIMX ni kinasi ambayo kwa viumbe wengine huitwa CDK1. Kinasi ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti juu ya protini nyingine na hivyo kuibadilisha tabia. NIMX peke yake haifanyi kitu. Huhitaji kushikana na protini mshirika, saiklini B, ambayo hapa huitwa NIME. Hata zikishikana bado zinazuiwa: kinasi nyingine, ANKA, huibandika NIMX fosfeti kwenye asidi amino ya 15, ambayo ni tairosini, na fosfeti hiyo huizima. Anayeibandua ni NIMT, fosfateti ya ukoo wa Cdc25. Mpaka hapo hadithi ni ileile ya hamira, ya chura na ya binadamu, na mtu angedhani NIMX ikishaachiwa huru mitosisi inaanza.

Nguzo ya nne ni NIMA yenyewe, nayo ndiyo iliyovuruga dhana hiyo. Ni kinasi pia, ya asidi amino 699, lakini haimo katika ukoo wa CDK. Wingi wake hupanda seli inapomaliza kunakili DNA na kukaribia mitosisi, kisha hushuka ghafla. Mwaka 1991 maabara ya Stephen Osmani iliziweka mutanti mbili sambamba. Katika nimT23, yenye kasoro ya NIMT, kwenye sentigredi 42, NIMX ilibaki imezimwa na fosfeti yake huku NIMA ikiwa macho kabisa. Kiini hakikuingia mitosisi. Katika nimA5, yenye kasoro ya NIMA, kwenye joto lilelile, NIMX na saiklini B zilikuwa zimeamka, zikipimwa kwenye neli zinafanya kazi vizuri, lakini kiini kilikaa vilevile, kromosomu zimelegea, hakuna spindeli. Kwa hiyo kinasi mbili lazima ziwashwe, kila moja kwa njia yake. Moja haiwezi kuziba pengo la nyingine.

Kinachosumbua ni ile hali ya pili. CDK1 iliyo hai ndiyo inayosemwa kila mahali kuwa kichocheo kikuu cha mitosisi, na hapa ilikuwepo, hai, bila matokeo. Kasoro ilikuwa nini?

Jibu lilipatikana kwa kutafuta mabadiliko ya jeni nyingine yanayoiponya mutanti ya nimA. Mawili kati yake yalikuwa katika sonA na sonB, na zote mbili ni jeni za protini zinazojenga matundu ya utando wa kiini. SONB ni Nup98 ya kuvu, na SONA ni mwenzake anayejulikana kwingine kama Gle2. Mwaka 1998 ilionekana pia kwamba NIMA ikikosekana, saiklini B haikusanyiki ndani ya kiini inavyopaswa. Badiliko la sonA linaifungulia njia. NIMX ilikuwa imeamka, ndiyo, lakini ilikuwa imeamkia nje ya nyumba.

Tundu la kiini si shimo wazi. Limejengwa kwa protini za aina zipatazo thelathini, kila aina ikirudiwa mara nyingi, na katikati yake kuna kichaka cha minyororo ya protini inayozuia kitu chochote kikubwa kisicho na kibali. Kibali ni kipande kifupi cha asidi amino kinachotambuliwa na wachukuzi wanaoitwa importini. Tubulini, tofali la kujengea mikrotubuli, haina kibali hicho. Wakati wa kawaida hubaki nje. Sasa, seli zetu hutatua tatizo kwa kuvunja utando wote wa kiini mitosisi inapoanza. Hamira ya mkate huuacha utando na matundu yake yalivyo, na kupitisha tubulini kwa uchukuzi. A. nidulans ina njia ya katikati, iliyoelezwa mwaka 2004: utando unabaki, lakini matundu yanabomolewa nusu. NIMA hufika kwenye matundu mwanzoni mwa mitosisi, Nup98 hubandikwa fosfeti, na protini za sehemu ya kati na za pembeni zinang'oka na kutawanyika. Kiunzi kinabaki kwenye utando. Kwa dakika chache bawabu hayupo, tubulini na kinasi zinajiingilia, na protini zilizokuwa zimefungiwa ndani zinamwagika nje.

Hili lina namna rahisi ya kuthibitishwa, na ni jaribio zuri kwa mwanafunzi mwenye hadubini ya fluoresensi. Chukua protini inayong'aa, ifungie kibali cha kuingia kiini, kisha itazame katika kuvu hai. Wakati wa kawaida viini vinang'aa kama taa kwenye uzi. Mitosisi ikianza taa zinazimika na uzi wote unapauka, kwa kuwa protini imevuja. Ikiisha, matundu yanakarabatiwa na taa zinarudi, zikiwa mara mbili. Mgawanyiko mzima huchukua dakika tano hivi kwenye sentigredi 37, ndani ya duru ya saa moja na nusu hivi. Ukiiwasha NIMA kupita kiasi wakati usio wake, matundu hufunguka na kromosomu hubana hata kama mambo mengine hayako tayari. Imewahi kuingizwa katika seli za binadamu na huko pia ikabana kromosomu. Sisi wenyewe tunazo kinasi za ukoo huo kumi na moja, zinazoitwa NEK, kifupi cha "jamaa za NIMA".

NIMA haikai mlangoni. Kutoka kwenye matundu huhamia kwenye kromosomu, kisha kwenye spindeli, kisha kwenye vituo viwili vya ncha za spindeli vilivyozama katika utando wa kiini. Kwenye kromosomu, kazi moja inayohusishwa nayo ni kubandika fosfeti kwenye serini ya 10 ya histoni H3, mojawapo ya protini ambazo DNA hujizungushia, alama ambayo hutumiwa maabara nyingi kutambua kiini kilicho katika mitosisi.

Spindeli nayo ina historia yake, na hapa ukungu wa maabara unakutana na shamba. Dawa ya kuua kuvu iitwayo benomili hugeuka kuwa kabendazimu, ambayo hushika beta-tubulini na kuzuia mikrotubuli isijengeke. Bila mikrotubuli kromosomu hubana lakini hazina cha kuzivuta. Mutanti zinazostahimili benomili zilipochunguzwa, jeni yake, benA, ikawa ndiyo ya beta-tubulini. Mojawapo, benA33, ina tabia ya kuchekesha: kwenye sentigredi 42 haikui kwa sababu mikrotubuli zake ni imara kupita kiasi, hazivunjiki pale zinapotakiwa kuvunjika, na dozi ndogo ya benomili, sumu ile ile, huiponya. Katika kutafuta mabadiliko mengine yanayoiponya benA33, Berl Oakley na wenzake walipata jeni ya mipA, na mwaka 1989 wakaonyesha kwamba ni tubulini ya aina ya tatu isiyojulikana hapo awali. Hiyo ndiyo gama-tubulini, inayokaa kwenye vituo vya spindeli na kuanzisha mikrotubuli, katika kuvu na katika binadamu.

Kwa mkulima, funzo la benA ni la moja kwa moja. Kuvu nyingi za mashambani zilizoacha kusikia dawa za kundi hili zimebadilika asidi amino ya 198 au ya 200 ya beta-tubulini. Badiliko la 198 mara nyingi huleta ustahimilivu mkubwa, kwa hiyo kuongeza dozi ni kupoteza fedha. Na kuhama kutoka kabendazimu kwenda thiofaneti-methili si kubadilisha dawa, kwa sababu nayo hugeuka kuwa kabendazimu ndani ya mmea. Angalia namba ya kundi kwenye lebo: zote mbili ni kundi la 1 la FRAC, kamati inayopanga dawa za kuvu kwa makundi.

Kuingia mitosisi ni nusu tu ya kazi. Kutoka humo kunahitaji protini ziharibiwe. BIME, iliyopatikana katika mutanti za bim, ni sehemu ya mashine kubwa iitwayo APC ambayo hubandika ubikuitini kwenye protini zinazotakiwa kutupwa, na protini yenye alama hiyo husagwa. Saiklini B hupitia huko. NIMA nayo lazima iondoke. Mkia wake una sehemu zinazoita uharibifu, na ukiukata mkia huo protini inadumu na kiini kinashindwa kutoka mitosisi sawasawa. BIMG ni fosfateti, inayobandua fosfeti zilizobandikwa, na bila hiyo seli hukwama. BIMC ni mota, yaani protini inayotembea juu ya mikrotubuli, ya ukoo wa kinesini, inayosukumana na mikrotubuli ili vituo viwili vya spindeli vitengane; ukoo wa kinesini za aina ya tano uliitwa kwanza kwa jina lake. Kabla mashine ya kutoka haijaruhusiwa, kuna walinzi wanaokagua kama kila kromosomu imeshikwa. Mutanti zisizo na walinzi hao, sldA na sldB, huishi vizuri tu hadi zipewe benomili kidogo; hapo hutoka mitosisi kabla ya kromosomu kushikwa na kufa kwa mgao mbaya.

Ukitaka kuona haya yote kwa macho, njia ya kawaida ni kuzifanya seli zote zisimame mahali pamoja kisha kuziachia. Andaa mchuzi wa dondoo la hamira gramu 5 na glukosi gramu 20 kwa lita, pamoja na madini na vitamini ambazo mutanti yako inazihitaji. Weka spora za nimA5 au nimT23 kama milioni moja kwa mililita, ukiwa umetupa vipande vya kioo vya hadubini chini ya chombo ili vijana wa kuvu wajishikize humo. Otesha kwenye sentigredi 32 hadi nyuzi fupi zitokeze, kisha hamishia 42 kwa muda unaozidi kidogo duru moja, saa mbili hivi. Viini vyote vitakusanyika kwenye mpaka wa mitosisi. Rudisha 32, na ndani ya dakika chache karibu vyote vitaingia kwa pamoja.

Makosa ni yaleyale kila mahali. La kwanza ni kushusha joto polepole: chupa ikitolewa kwenye kabati la joto na kuwekwa kwenye jingine, mchuzi huchukua muda mrefu kupoa, na usawa unapotea. Tumia bafu la maji, na mchuzi kidogo katika chombo chembamba. La pili ni kuchelewa kuchukua sampuli. Mitosisi ya dakika tano haikusubiri uvae glavu. Panga sampuli kila dakika mbili au tatu, na fomaldehidi iwe imeshapimwa. La tatu ni kuweka seli kwenye barafu kabla ya kuzigandisha kwa fomaldehidi: baridi huvunja mikrotubuli, nawe utahitimisha kwamba mutanti yako haina spindeli kumbe umeivunja mwenyewe. La nne ni kuziacha kwenye 42 muda mrefu mno, ambapo seli huendelea kurefuka bila kugawa viini, baadhi huvuja kizuizini, na zikiachiwa hazirudi zote kwenye mstari. Na usisahau kuotesha kuvu isiyo na badiliko kwenye joto hilohilo, maana sentigredi 42 peke yake inasumbua. Rangi ya DAPI itakuonyesha DNA. Bila kutazama na tubulini pia, huwezi kutofautisha nim na bim kwa uhakika.

Ukizihesabu sampuli za A. nidulans isiyozuiwa utaona jambo jingine. Viini vya seli ya nchani havigawanyiki vyote kwa sekunde moja, wala kila kimoja kwa wakati wake. Mitosisi hupita kama wimbi kando ya uzi, kiini baada ya kiini. Maelezo ya wimbi hili yanapatana na saitoplazimu ya pamoja: kinasi ikiwaka mahali pamoja huwasha jirani, na matundu yakifunguka kilichomo ndani ya kiini kimoja humwagika kwa wengine.

Lakini si kuvu zote zinafuata. Katika Neurospora crassa viini jirani hugawanyika kwa nyakati tofauti. Ashbya gossypii ni hivyohivyo, nayo imechunguzwa zaidi. Ni kuvu ya pamba inayosambazwa na wadudu wa jamii ya kangambili wanapotoboa vitumba, na viwandani hutumiwa kutengeneza vitamini B2. Jenomu yake ni ndogo na inafanana sana na ya hamira ya mkate, hata hivyo humea nyuzi zenye viini vingi, na humo kila ndege huruka kwa ubawa wake: kiini kimoja kinanakili DNA, cha pembeni yake kipo katika mitosisi, cha tatu kimepumzika.

Maabara ya Amy Gladfelter ndiyo iliyotoa maelezo mengi kuhusu jambo hilo. Protini iitwayo Whi3 hushika RNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni, ya saiklini CLN3, ile inayoanzisha duru. Whi3 ina sehemu ndefu yenye asidi amino ya glutamini kwa wingi, na sehemu hiyo huifanya ijikusanye na wenzake kuwa vitone, kama mafuta ndani ya maji, vikiwa na RNA ndani yake. Vitone hivyo hukaa karibu na viini bila kutawanyika sawa kwenye uzi, kwa hiyo saiklini haitengenezwi kila mahali kwa kiasi kimoja. Ukiondoa sehemu hiyo ya glutamini vitone havikai vizuri, na viini vinaanza kugawanyika kwa kufuatana zaidi kuliko kawaida. Juu ya hapo, viini vya Ashbya husukumana kwa mikrotubuli na kuachiana nafasi. Vikikaribiana mno uhuru wao hupungua. Kwa maneno mengine, saitoplazimu ni moja lakini ina mitaa.

Kusambaza viini kwenye uzi ni kazi nyingine kabisa, na mutanti za nud ndizo zilizoionyesha. Viini vyake hugawanyika bila tabu lakini hujazana karibu na spora huku uzi ukirefuka mtupu. NUDA ni mota ya daineini. NUDF, iliyoelezwa mwaka 1995, ilikutwa inafanana sana na LIS1, protini ya binadamu ambayo upungufu wake humfanya mtoto azaliwe na ubongo laini usio na mikunjo, kwa kuwa seli za neva hazihami kufika mahali pake. Ni nadra ukungu wa udongoni kumsaidia daktari wa watoto kwa njia fupi kiasi hicho.

Zinabaki zile seli za nyuma ya kiambaza, zilizotulia huku seli ya nchani ikipitiwa na wimbi. Kiambaza cha kuvu hii hakizibi kabisa. Katikati yake kuna tundu ambalo saitoplazimu hupita. Kwa nini basi wimbi halivuki? Mwaka 2014 kundi la Osmani lilionyesha kwamba NIMA, wakati wa kawaida, hukaa pia kwenye tundu la kiambaza, na kuwepo kwake hulisaidia tundu hilo kubaki wazi. Mitosisi ikianza NIMA huondoka kiambazani na kwenda kwenye viini, na tundu la kiambaza hujifunga. Ukiizima NIMA kwa joto, matundu ya viambaza hujifunga hata bila mitosisi. Kwa hiyo katika dakika zile tano, kinasi ileile inafungua matundu ya viini kwa kufika kwake, na kufunga tundu la kiambaza kwa kuondoka kwake, na vinavyomwagika kutoka kwenye viini vya seli moja havimfikii jirani. Mitosisi ikiisha NIMA mpya hurudi kiambazani, na seli mbili zinaanza tena kugawana saitoplazimu.